Anga Ukutani: Jinsi ya Kutazama Sanaa ya Video Inayotokana na Sayansi ya Anga za Juu

Mkaazi wa Kaunti ya Kakamega, somo la toleo hili linahusu aina ya maonyesho ambayo yameenea sana katika miji mikubwa duniani, na ambayo wasanii wa Kenya pia wamekwisha kuyajaribu. Ni sanaa ya video inayomzunguka mtazamaji pande zote. Huketi ukatazama kioo kimoja kama unavyotazama runinga nyumbani. Unaingia ndani ya chumba chenye giza, na kuta, dari na hata sakafu zinageuka kuwa anga lenye nyota, sayari na mawingu ya gesi. Wakati mwingine unavishwa miwani ya uhalisia pepe, na kila ukigeuza shingo unaona upande mwingine wa ulimwengu huo.

Ukimaliza somo hili utaweza kueleza picha za anga hutoka wapi, kutenganisha kilichopimwa na mwanasayansi na kilichobuniwa na msanii, na kutumia ujuzi huo huo kusoma ramani ya setilaiti inayoonyesha msitu au shamba lako. Jambo hili la mwisho lina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa, na tutalifikia hapo chini.

1. Maonyesho haya yalianzia wapi?

Kumzingira mtu kwa picha ya anga si jambo la jana. Mwaka 1923, kampuni ya Zeiss ya Ujerumani ilionyesha mashine iliyotupa nuru ya maelfu ya nyota kwenye dari la mviringo. Watu waliketi chini ya kuba hilo mchana, wakaona anga la usiku. Kumbi za namna hiyo zilisambaa duniani kote. Leo mahali pa mashine ya aina ile pamechukuliwa na projekta za kompyuta, na kuba lenyewe linaweza kushonwa kwa kitambaa, likajazwa hewa na kubebwa kwa gari.

Hapa Kenya, shirika la Travelling Telescope, ambalo Susan Murabana ni mmoja wa waanzilishi wake, limekuwa likipeleka darubini na kuba la kujazwa hewa shuleni ili watoto waone nyota na sayari. Hiyo ni elimu. Sanaa ya video hutumia vifaa vinavyofanana na hivyo, lakini lengo lake ni pana zaidi. Msanii hataki tu ujue Mshtarii iko wapi. Anataka uhisi udogo wako, au ujiulize ni nani mwenye haki ya kwenda huko juu, na akifika atafanya nini.

2. Kenya ina nafasi gani katika habari hii?

Watu wengi huamini kwamba sayansi ya anga ni ya mataifa ya mbali. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipokuwa ikiadhimisha miaka 7 ya uhuru, roketi iliruka kutoka jukwaa la San Marco, lililosimamishwa na Waitaliano baharini karibu na Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Roketi hiyo ilibeba setilaiti ya Marekani. Kwa heshima ya siku hiyo na ya nchi iliyowapokea, setilaiti ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Uhuru ilikuwa setilaiti ya kwanza duniani kutengwa kwa kazi ya kutafuta eksirei zinazotoka angani. Eksirei hizo hazifiki ardhini kwa sababu hewa ya dunia huzizuia, kwa hiyo ni lazima chombo kipande juu ya hewa. Pwani ya Kenya ilichaguliwa kwa sababu iko karibu na ikweta. Dunia huzunguka kwa kasi kubwa zaidi kwenye ikweta, takriban kilomita 1,670 kwa saa, na roketi inayorushwa kuelekea mashariki hupata msukumo huo bure.

Orodha iliyotokana na kazi ya Uhuru ilikuwa na vyanzo 339 vya eksirei. Baadhi vilikuwa nyota za nutroni, yaani mabaki mazito ya nyota zilizokufa, zikinyonya gesi kutoka kwa nyota jirani. Vipimo vya chanzo kiitwacho Cygnus X-1 viliwasaidia wanasayansi kufikia uamuzi kwamba pale pana shimo jeusi. Riccardo Giacconi, aliyeongoza utafiti huo, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2002.

Nyota za nutroni zinatuhusu sisi wa Kakamega kwa njia nyingine pia. Kaunti yetu inajulikana kwa dhahabu tangu wachimbaji walipomiminika huku miaka ya 1930, na hadi leo kuna wanaochimba Ikolomani. Tarehe 17 Agosti 2017, vyombo vya wanasayansi vilinasa mtikisiko uliotokana na nyota mbili za nutroni kugongana, umbali wa takriban miaka milioni 130 ya nuru. Nuru iliyofuata ilitoa ushahidi kwamba migongano ya namna hiyo hutengeneza elementi nzito, na dhahabu ni mojawapo. Msanii wa video anayeonyesha nyota mbili zikizungukana, zikagongana na kumwaga cheche, anaweza kuwa anaonyesha asili ya kile kinachotafutwa kwa karai na jembe katika mito yetu.

3. Picha ya anga hutengenezwaje?

Kabla ya kumhukumu msanii, yafaa kujua kwamba hata picha za wanasayansi hupikwa kabla ya kupakuliwa. Hazipikwi kwa nia ya kudanganya. Zinapikwa kwa sababu jicho la mwanadamu ni dhaifu. Kuna mambo manne ya kuangalia.

Rangi. Darubini ya James Webb, iliyorushwa tarehe 25 Desemba 2021, hupima miale ya infraredi ambayo macho yetu hayaioni. Picha zake hufika zikiwa nyeupe na nyeusi. Wataalamu huzipa rangi kwa kanuni: miale yenye mawimbi mafupi hupewa buluu, yenye mawimbi marefu hupewa nyekundu. Picha ya kwanza ya shimo jeusi, iliyotangazwa tarehe 10 Aprili 2019, ilitokana na mawimbi ya redio. Rangi ya machungwa iliyozoeleka katika picha ile ilichaguliwa na watu. Umbo la mduara lilitokana na vipimo.

Ukubwa na umbali. Video nyingi huweka sayari karibu karibu kama maembe kwenye meza ya soko. Ukweli ni tofauti kabisa, na zoezi lililo hapa chini litakuonyesha.

Muda. Kilimia, kile kishada cha nyota ambacho jina lake linatokana na kulima, kiko umbali wa takriban miaka 440 ya nuru. Nuru unayoiona leo ukiwa Mumias au Malava iliondoka huko karne nne na zaidi zilizopita. Video inaweza kubana mabadiliko ya mamilioni ya miaka yakawa sekunde 30.

Sauti. Katika anga tupu hakuna hewa, na pasipo hewa sauti haisafiri. Ngurumo unayosikia ukumbini imetiwa na mtu. Mara nyingine sauti hiyo imetokana na vipimo, kwa mfano penye mwangaza zaidi pakapewa sauti ya juu zaidi. Mara nyingine ni muziki wa kawaida tu.

4. Aina tatu za kazi

Ukiingia kwenye maonyesho, jaribu kuiweka kila kazi katika mojawapo ya mafungu haya matatu.

Fungu la kwanza ni kazi inayokaa karibu na vipimo. Wasanii wawili wa Uingereza wanaofanya kazi kwa jina la Semiconductor walitoa video yao Brilliant Noise mwaka 2006. Walichukua picha ghafi za Jua, zile ambazo hazijasafishwa, wakaacha madoa na mikwaruzo ionekane. Sauti waliifungamanisha na mwangaza wa picha. Mtazamaji anaona Jua, na papo hapo anaona jasho la kulipiga picha.

Fungu la pili ni kazi inayoanza na vipimo kisha ikaviacha. Refik Anadol, msanii mzaliwa wa Uturuki, alionyesha Machine Memoirs: Space mjini Istanbul mwaka 2021. Aliilisha programu ya akili unde picha nyingi mno zilizopigwa na vyombo vya angani, kisha programu ikatoa picha mpya zinazotiririka ukutani. Picha hizo zinafanana na sayari na nyota, lakini hakuna mahali popote angani panapolingana nazo. Ni kama ndoto ya mtu aliyeangalia albamu mchana kutwa.

Fungu la tatu ni kazi ya kubuni, ambamo anga ni mahali pa kuwazia mambo ya duniani. Hapa Wakenya wametia fora. Wangechi Mutu, mzaliwa wa Nairobi, alitoa video ya katuni The End of eating Everything mwaka 2013. Ndani yake kiumbe mkubwa kama sayari anaelea katika anga chafu akila kila kinachomkaribia. Mwaka 2017, kundi la Nest Collective la Nairobi lilitoa filamu ya miwani ya uhalisia pepe iitwayo Let This Be a Warning. Waafrika wameihama dunia na kujenga makao kwenye sayari ya mbali, na siku moja anafika mgeni ambaye hakualikwa. Mtazamaji aliyevaa miwani ndiye anayejikuta mahali pa mgeni huyo. Kwa kuwa picha inamzunguka, hawezi kukwepa macho yanayomtazama. Kazi hii isingekuwa na nguvu ile ile kwenye runinga ya sebuleni, na hapo ndipo unapoona faida ya kumzingira mtu kwa video.

Hakuna fungu lililo bora kuliko jingine. Tatizo huja pale ambapo kazi ya fungu la tatu inachukuliwa kuwa ya fungu la kwanza, au pale ambapo mtu, baada ya kugundua kwamba rangi zilichaguliwa, anaamua kwamba picha zote za anga ni uongo. Wote wawili wamekosa hatua moja, ambayo ni kuuliza.

5. Kutoka ukumbini hadi msituni

Sasa tufike kwenye jambo linalotugusa moja kwa moja. Msitu wa Kakamega, wenye ukubwa wa takriban kilomita mraba 240, ni mabaki ya misitu ya mvua iliyofungamana zamani na ile ya Kongo. Setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za uso wa dunia tangu mwaka 1972, na watafiti wamezitumia kupima jinsi msitu wetu ulivyopungua na mahali ulipoanza kurudi. Kenya nayo ilirusha setilaiti yake ya uchunguzi, Taifa-1, tarehe 15 Aprili 2023, kwa ajili ya kilimo, mazingira na mipango ya ardhi.

Ramani zitokanazo na picha hizo huletwa katika vikao vya ushirikishwaji wa umma, ambako wananchi hutoa maoni kuhusu msitu, mipaka, barabara na mashamba. Chukua mfano huu wa kawaida. Ramani inabandikwa ukutani na msitu unaonekana mwekundu kama makaa. Mtu asiyejua anaweza kudhani msitu umeungua. Kumbe majani mabichi hurudisha miale mingi ya infraredi, na wataalamu wameipa miale hiyo rangi nyekundu. Wekundu ule ni dalili ya majani yenye afya.

Lakini si hilo tu. Miwa ikistawi, majani chai ya Nyayo Tea Zone na mikaratusi pia huweza kuonekana nyekundu. Kwa hiyo ramani yenye wekundu mwingi haithibitishi peke yake kwamba miti ya asili bado ipo. Mawingu nayo huficha ardhi, na picha ya Februari, wakati wa kiangazi, haifanani na ya Mei, wakati wa mvua.

Mwananchi aliyezoea kuuliza maswali mbele ya sanaa ya video ana maswali tayari:

- Picha hii ilipigwa lini, na kwa chombo gani?
- Rangi hizi zina maana gani, na nani alizichagua?
- Unalinganisha mwezi gani na mwezi gani?
- Kuna mtu aliyefika mahali penyewe kwa miguu kuhakiki?

Ibara ya 35 ya Katiba inampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti liwezeshe wananchi kushiriki katika shughuli zake. Haki hizo hufanya kazi vyema zaidi mkaazi anapoielewa ramani iliyo mbele yake. Mzee wa kijiji anayejua mkuyu fulani ulisimama wapi mwaka 1985 ana ushahidi ambao mtaalamu wa setilaiti anauhitaji, mradi wote wawili wasome ramani moja.

6. Mazoezi mawili ya shule, kikundi au familia

Zoezi la kwanza: Mfumo wa Jua uwanjani. Chukua mpira wa kawaida wa kandanda uuweke kwenye mstari wa goli, iwe ni Uwanja wa Bukhungu au uwanja wa shule. Huo ni Jua. Chukua punje moja ya wimbi, yenye upana wa milimita 2 hivi. Hiyo ni Dunia. Tembea nayo mita 24, uiweke chini. Mwezi ungekuwa chembe ya nusu milimita, sentimita 6 tu kutoka kwenye punje hiyo. Mshtarii, yenye ukubwa wa sentimita 2 hivi, ingekuwa umbali wa mita 123, nje ya goli la upande wa pili. Neptuni ingekuwa mita 700 na zaidi, huko mtaani. Na nyota iliyo karibu zaidi na Jua letu? Ingekuwa umbali wa kilomita 6,300 hivi, karibu sawa na kutoka Kakamega hadi Paris. Baada ya zoezi hili, tazama tena video yoyote ya sayari, kisha useme msanii amebana nini ili picha itoshe ukutani.

Zoezi la pili: Anga la mkebe. Tafuta mkebe mpana uliotolewa kifuniko na kitako, karatasi nene na tochi ndogo. Jioni za kuanzia Desemba hadi Machi, tokeni nje mchore Kilimia na zile nyota tatu zilizojipanga mstari karibu nacho. Toboeni matundu mahali pa nyota, makubwa kwa zinazong'aa zaidi. Funikeni mdomo wa mkebe kwa karatasi hiyo, upande wenye mchoro ukitazama ndani, kisha mulikeni kutoka nyuma mkielekeza darini ndani ya chumba chenye giza. Sasa ongezeni nyota moja ya kubuni na mumwite mtu ambaye hakuwepo. Je, ataitambua? Mjadili ni nini kingemsaidia kuitambua.

7. Neno kwa wazazi, walimu na vijana

Katika mtaala wa CBC, mwanafunzi wa sekondari ya juu huchagua mkondo mmoja kati ya mitatu: Sayansi, Teknolojia, Uhandisi na Hisabati, Sayansi ya Jamii, au Sanaa na Michezo. Wazazi wengi huona mkondo wa sanaa kuwa wa waliokosa pa kwenda. Kazi tulizozitaja zinaonyesha vingine. Ili kuitandaza picha juu ya kuba lililopinda bila kupotoka, unahitaji jiometri. Ili kugeuza vipimo vya Jua kuwa sauti, unahitaji fizikia na uandishi wa programu. Ili mtazamaji asisahau alichokiona, unahitaji mchoraji, mwanamuziki na msimulizi. Mtoto anayependa kuchora asitengwe na hisabati, na anayependa hisabati asinyimwe rangi. Walimu wa masomo hayo mawili wanaweza kuanza na zoezi la mkebe kwa pamoja.

Usalama nao uzingatiwe. Taa zinazomweka haraka zinaweza kusababisha kifafa kwa baadhi ya watu, kwa hiyo mwenye historia ya kifafa aulize kabla ya kuingia. Miwani ya uhalisia pepe huleta kizunguzungu kwa wengine. Ukihisi kichefuchefu, ivue na uketi. Watoto wadogo wasivishwe bila mtu mzima kuwasimamia. Ukumbi uwe na njia ya kutokea inayoonekana hata gizani.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini setilaiti ya Uhuru ilirushwa kutoka pwani ya Kenya, na kwa nini eksirei za angani haziwezi kupimwa kutoka ardhini?
2. Taja mambo manne ambayo hubadilishwa picha ya anga inapotengenezwa.
3. Kuna tofauti gani kati ya kazi ya Semiconductor na ile ya Anadol?
4. Ramani ya setilaiti inaonyesha eneo jekundu kando ya msitu wetu. Taja mambo matatu yanayoweza kuwa chanzo cha wekundu huo, na ueleze ungehakiki vipi.
5. Kama ungepewa chumba kimoja chenye giza na projekta moja mjini Kakamega, ungewaonyesha majirani zako nini kuhusu anga, na ungewaambia vipi ni sehemu gani umeipima na ni ipi umeibuni?

Jadilini swali la 5 nyumbani, kanisani, msikitini au katika kikundi. Halina jibu moja.